Nyumba Hununuliwa Mchana

Hotuba iliyotolewa na Afisa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa Busia na vijiji vya mpakani, katika mkutano wa polisi na jamii

Najua kwamba mtu akiitwa na polisi hujiuliza kwanza, "Nani amekosa?" Leo hakuna aliyekosa. Tumewaita ili tuzungumze kabla ya kosa kutendeka.

Mada yetu ni kununua na kuuza nyumba. Huenda mzee mmoja akauliza: polisi wanahusikaje na nyumba za watu? Sisi si madalali, si wapimaji wa ardhi, wala si mawakili. Lakini mnunuzi aliyetapeliwa anapokosa pa kwenda, huja kaunta kwetu. Ndugu wawili wakishikiana panga juu ya kiwanja cha baba yao, ni sisi tunaoitwa usiku. Mara nyingi tukifuatilia ugomvi hadi mzizi wake, tunakuta mauzo yaliyofanywa upesi, kwa siri, na kwa karatasi ambayo hakuna aliyeisoma vizuri.

Nianze kwa kukiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa askari kijana, katika kituo kingine cha mpakani, mtu mmoja niliyemfahamu aliniomba nifike nyumbani kwake jioni kushuhudia mauzo ya nyumba. Nilikwenda nikiwa nimevaa sare, kwa kuwa nilikuwa natoka kazini. Mnunuzi alikuwa mama mjane muuza mitumba, mwenye umri wa kunizaa. Alihesabu fedha mezani kwa mwanga wa taa. Mkataba ulikuwa umeandikwa kwenye ukurasa wa daftari. Mimi sikuuliza swali hata moja. Nilitia sahihi, nikanywa chai, nikarudi zangu kambini.

Haikupita miezi mitatu, familia nyingine ikafika mlangoni kwa yule mama na mkataba wa nyumba ile ile, uliotangulia wake kwa miaka miwili. Muuzaji alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, na hakuna aliyejua aliko. Yule mama alikuja kituoni akanitafuta mimi. Hakupiga kelele. Aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Sikuiamini ile karatasi. Niliamini kwa sababu wewe ulikuwepo."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo. Sare yangu ilifanya kazi ya tapeli bila mimi kujua. Kwa hiyo ninaposimama mbele yenu, sisimami kama mjuzi anayewacheka walioibiwa. Nasimama kama shahidi ambaye hakuuliza.

Basi, kama mtasahau mengine yote ya leo, naomba mshike hili moja: nyumba hununuliwa mchana. Sisemi mchana wa saa tu. Nasema mauzo yaonekane, yasikike, na yajulikane na kila mwenye haki ya kuyajua: mke au mume, warithi, majirani, uongozi wa kijiji na ofisi ya ardhi. Mauzo ya halali hayaogopi macho ya watu. Ukiambiwa, "Tufanye upesi, mtu mwingine anakuja kesho na fedha," au, "Usimwambie mwenyekiti kwanza," jua kwamba umeonyeshwa dalili ya hatari, na anayekuonyesha ni muuzaji mwenyewe.

Ijue ardhi iliyo chini ya nyumba

Tunasema tunanunua nyumba, lakini nyumba haining'inii hewani. Kinachonunuliwa hasa ni haki juu ya ardhi iliyo chini yake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: ya kimila, ya miliki huru, ya mailo, na ya kukodi kwa muda. Katika vijiji vyetu ardhi nyingi ni ya kimila, iliyotoka kwa babu ikaja kwa baba bila kuwa na hati. Mjini mtakuta viwanja vyenye hati za miliki huru na vya kukodi. Kila aina ina njia yake ya kuthibitishwa, na anayeuza lazima aeleze anauza haki gani. Mwenye ardhi ya kukodi ambayo imebakiza miaka michache hana cha kukuuzia zaidi ya miaka hiyo.

Zipo pia ardhi ambazo hazinunuliki hata muuzaji awe mwaminifu kiasi gani. Maziwa, mito na ardhi oevu, Katiba inasema vimewekwa chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Anayekuuzia kiwanja kwenye bwawa wakati wa kiangazi anakuuzia mafuriko ya masika, na kesi juu yake. Hali kadhalika hifadhi ya barabara. Na kwetu sisi wa mpakani, liko jambo la pekee: ukiona kiwanja kimekaribia nguzo za mpaka wa kimataifa, au kiko ukingoni mwa mto Sio ambao katika sehemu zake ndio mpaka wenyewe, simama. Uliza kwanza ofisi ya wilaya. Usikubali kuambiwa kwamba nguzo ile ni ya zamani, haina maana tena.

Waulize watu kabla ya kuuliza karatasi

Ndugu zangu, karatasi inaweza kughushiwa kwa dakika chache. Majirani kumi hawaghushiki kwa urahisi. Kwa hiyo nenda mahali penyewe, mchana, zaidi ya mara moja, na siku moja uende bila dalali. Waulize wanaopakana na kiwanja: mwenye nyumba hii ni nani? Alipataje? Kuna ugomvi wowote? Mpaka uko wapi? Mkiwa mmesimama wote pamoja, muuzaji atembee kwenye mipaka akionyesha jiwe kwa jiwe na mti kwa mti, huku jirani wa kila upande akikubali.

Kisha ingia ndani ya nyumba. Anayeishi humo ni nani? Akiwa mpangaji, mkataba wake unaisha lini, na kodi anamlipa nani? Wakati mwingine mpangaji anakuambia jina la mwenye nyumba, nalo si jina la yule anayekuuzia.

Halafu uliza habari za mke, au za mume. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza mtu kuuza ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi wake wa ndoa. Ardhi ya familia ni ile yenye makazi yao, au ile inayowalisha. Sheria haiishii hapo. Inasema kwamba hata mnunuzi akiwa hakujua, akiwa amenunua kwa nia njema kabisa, mauzo hayo ni batili. Haki inayobaki kwake ni kumdai muuzaji fedha zake. Nanyi mnajua ugumu wa kumdai mtu aliyekwisha kuzitumia.

Hapa mpakani jambo hili linatuumiza sana, kwa sababu ndoa zetu nyingi zimevuka mstari. Mke anakwenda kwao ng'ambo kuuguza mama yake, anakaa miezi miwili, na akirudi na watoto anakuta mtu mgeni anapiga rangi kuta za nyumba yake. Kwa hiyo mnunuzi, usikubali kuambiwa, "Mke wangu yuko kwao, lakini hana neno." Mwambie muuzaji kwa upole, "Basi tumsubiri." Idhini yake iwe ya maandishi, na yeye mwenyewe awepo siku ya kutia sahihi. Na ninyi wake na waume mnaohofia kwamba mwenzi wenu anataka kuuza kwa siri, sheria inawaruhusu kuweka zuio juu ya ardhi hiyo ili isihamishwe. Msingoje hadi mnunuzi afike na tofali.

Jambo la mwisho kuhusu watu ni nyumba ya marehemu. Mtoto mkubwa si mmiliki kwa sababu tu ni mkubwa. Ndugu wa marehemu naye si mmiliki kwa sababu aliongoza mazishi. Mwenye mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu ni aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi, au aliyetajwa katika wosia na mahakama ikauthibitisha. Hata huyo, tangu Sheria ya Mirathi iliporekebishwa mwaka 2022, hawezi kuuza bila kuwashirikisha mjane na watoto na kupata idhini yao. Kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Ukinunua nyumba ya marehemu kutoka kwa mtu asiye na barua hizo, umenunua kesi ya mirathi ya familia isiyo yako.

Nenda ofisini kwa miguu yako mwenyewe

Nyumba ikiwa na hati miliki, usiridhike na hati unayoonyeshwa. Hati aliyonayo muuzaji ni nakala ya mmiliki, na ile ya asili imo katika daftari la msajili wa ardhi. Chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, ambayo kwetu iliyo karibu ni ile ya Tororo, uombe upekuzi wa hati. Utalipa ada ndogo, tena kwa njia rasmi ya benki, si kwa mtu anayesimama kwenye korido. Majibu yatakuambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani ya benki au zuio lolote.

Nawasihi, nendeni wenyewe au mtumeni wakili wenu. Msikubali karatasi ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji au dalali. Na upekuzi ufanyike mara mbili: mwanzoni, na tena siku chache kabla ya kulipa fedha kamili. Katikati ya siku hizo mbili mtu anaweza kuweka rehani.

Nyumba ikiwa ya ardhi ya kimila isiyo na hati, ofisi zako ni nyingine. Anza na mwenyekiti wa LC1, wazee wa ukoo, na kamati ya ardhi ya eneo. Ukishanunua, usilale. Sheria inaruhusu mwenye ardhi ya kimila kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati hiyo na bodi ya ardhi ya wilaya. Wengi hununua, wakajenga na kuhamia, wakasahau cheti hadi yule muuzaji anapofariki na watoto wake wanapoanza kuuliza maswali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa niseme neno moja kwa wenyeviti wetu, kwa heshima. Muhuri wa LC1 unathibitisha kwamba mwenyekiti anawatambua watu hawa na alikuwepo walipokubaliana. Haumpi mtu umiliki. Na hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia kumi ya bei ya nyumba. Mwananchi akikushukuru kwa muda wako ni hiari yake, lakini ukimtoza sehemu ya mauzo, umegeuka kuwa mshiriki wa biashara ambayo ulipaswa kuishuhudia. Shahidi anayelipwa na bei hawezi kuona kasoro.

Kwa viwanja vyenye hati, mwajiri mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka. Mara kadhaa tumekuta hati ni ya kweli, muuzaji ni wa kweli, lakini nyumba imesimama kwenye kiwanja cha jirani.

Mkataba na fedha

Mkataba uandikwe na wakili mwenye leseni. Najua wakili ana gharama, na najua kwamba mtu akishajinyima miaka mingi, kila shilingi inauma. Lakini pima gharama hiyo na bei ya nyumba nzima.

Mkataba mzuri una majina kamili yanayolingana na vitambulisho vya taifa, maelezo ya kiwanja na mipaka yake, bei kwa tarakimu na kwa maneno, jinsi fedha zitakavyolipwa, tarehe ya kukabidhi nyumba, idhini ya mwenzi wa ndoa, na sahihi za mashahidi wa pande zote mbili. Majirani wanaopakana nanyi wawe miongoni mwao. Na sisi wa hapa tuongeze jambo ambalo watu wa mbali hawalihitaji: andikeni ni shilingi za nchi gani. Shilingi ya Kenya ina thamani ya zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Mkataba unaosema "shilingi" bila kutaja nchi ni ugomvi uliopigwa muhuri.

Asiyejua kusoma ana ulinzi wake katika sheria. Mtu anayemwandikia hati asiyejua kusoma anatakiwa amsomee na kumweleza, kisha aandike humo jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi wa hati hiyo. Akikataa kuandika jina lake, usitie dole gumba. Mje pia na mtoto au ndugu anayejua kusoma, awasomee tena kwa lugha ya nyumbani. Laiti yule mama wa mitumba angekuwa na mtu wa kumfanyia hivyo usiku ule, badala ya askari kijana aliyenyamaza.

Kuhusu fedha, usibebe kitita. Mpaka huu una watu wema wengi, lakini una pia macho yanayofuata mfuko mzito. Lipa kupitia benki, katika akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe, si ya dalali wala ya shemeji. Wanaovuka na fedha nyingi wakumbuke kwamba sheria inataka zitangazwe forodhani. Malipo yawe kwa awamu: kiasi cha awali siku ya kutia sahihi, na kilichobaki pale nyaraka za uhamisho zinapokuwa tayari na nyumba iko wazi. Kila malipo yawe na stakabadhi.

Baada ya hapo, kamilisha uhamisho. Kwa ardhi yenye hati, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani ya mali, kupitia Mamlaka ya Mapato, ndipo jina lake huingizwa katika daftari. Weka fedha hiyo kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Mtu aliyemaliza fedha zake zote kwenye bei hubaki na hati yenye jina la mwingine, na hati yenye jina la mwingine ni ya huyo mwingine.

Neno kwa wanaouza

Tumezoea kumwonya mnunuzi peke yake, lakini muuzaji naye huibiwa. Usimpe mtu hati yako ya asili "akaikague" kabla ya kukulipa. Mpe namba ya kiwanja, akafanye upekuzi. Usitie sahihi fomu ya uhamisho isiyojazwa. Usikabidhi funguo kwa kuonyeshwa karatasi ya benki au ujumbe wa simu. Nenda benki uthibitishe kwamba fedha zimeingia kweli. Na ueleze kasoro za nyumba kwa uwazi: ukuta uliopasuka, kodi ya ardhi isiyolipwa, kesi iliyoko mahakamani. Kasoro iliyosemwa hupunguza bei, lakini iliyofichwa inaweza kukurudisha mahakamani.

Lakini hatari kubwa kwa mwenye nyumba leo haiitwi mauzo. Inaitwa mkopo. Mfanyabiashara anahitaji fedha za haraka za kutoa mzigo. Anakwenda kwa mkopeshaji binafsi, naye anamwambia: "Nitakupa, lakini tuandike kwamba umeniuzia nyumba. Ukilipa, tutaichana karatasi." Mkopaji anatia sahihi, na mkewe hajui. Mwezi mmoja wa biashara mbaya ukipita, karatasi haichanwi. Inakuja nyumbani pamoja na vijana wa kuhamisha vyombo.

Nawasihi msikubali kamwe mkopo uliovaa nguo ya mauzo. Mkopo uandikwe kuwa ni mkopo, pamoja na riba yake na muda wake. Tangu mwaka 2016 nchi yetu ina sheria inayowasimamia wakopeshaji fedha na kuwataka wawe na leseni. Muulize mkopeshaji leseni yake kama vile askari wa barabarani anavyokuuliza yako. Na ukiwa umekwisha kutia sahihi karatasi ya namna hiyo, usingoje siku ya kufukuzwa. Mwone wakili mapema, tunza ushahidi wa kila ulicholipa, na mweleze mwenzi wako wa ndoa. Aibu ya kusema leo ni nyepesi kuliko ya kulala nje.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naulizwa kila wiki: "Afande, sisi si Afrika Mashariki moja? Kwa nini nisinunue nyumba upande ule?" Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, nayo imetufungulia milango mingi ya kazi na biashara. Lakini kuhusu ardhi, Itifaki hiyo inasema wazi kwamba matumizi yake yataongozwa na sheria za kila nchi. Soko ni la pamoja. Ardhi bado ina wenyewe.

Hapa Uganda, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala ya miliki huru. Anaweza kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na ukodishaji wa miaka mitano au zaidi lazima usajiliwe. Upande wa Kenya, Katiba yao ya mwaka 2010 inasema vivyo hivyo: asiye raia anaweza kupata haki ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Zaidi ya hayo, ardhi ya kilimo huko huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na bodi hiyo hukataa iwapo mnunuzi si raia wa Kenya. Kwa hiyo shamba lenye nyumba nzuri upande ule si la kununuliwa na Mganda kwa kupeana mikono tu, hata kama muuzaji ni binamu yake.

Watu wamejaribu kuikwepa sheria hii kwa kununua kwa jina la shemeji aliye raia. Nawaambia kwa uchungu: nyumba hiyo ni ya shemeji. Siku mkikosana, au siku akifariki, watoto wake hawatasoma moyo wako, watasoma hati. Kukodi kwa mkataba uliosajiliwa, kwa jina lako halisi, kuna usalama zaidi kuliko kumiliki kwa jina la mwingine. Na kutumia kitambulisho kisicho chako, au cha nchi ambayo si yako, ni jinai pande zote mbili.

Polisi wanaweza nini, na hawawezi nini

Nimalizie kwa kuwaeleza mipaka ya kazi yetu, ili msitudai tusichonacho, wala msitusamehe tunachopaswa kuwapa.

Polisi hawaamui nani mwenye nyumba. Hiyo ni kazi ya mahakama. Polisi hawana mamlaka ya kumfukuza mtu kwenye nyumba kwa sababu jirani yake amekuja na mkataba. Afisa akifika kwako kukuondoa bila amri ya mahakama, muulize amri iko wapi, kisha toa taarifa kwa mkuu wa kituo. Na uwepo wa askari kwenye mauzo hauyafanyi kuwa halali. Nasema hili nikimkumbuka yule mama.

Tunachoweza ni kuchunguza jinai. Aliyeuza nyumba moja kwa watu wawili, aliyeghushi hati, aliyejifanya mmiliki, huyo ni wetu. Kujipatia mali kwa udanganyifu kunaweza kumpeleka mtu gerezani miaka mitano. Jeshi letu lina kitengo maalumu cha kulinda ardhi, na kituo chochote kinaweza kupokea malalamiko yako. Njoo upesi, kabla muuzaji hajavuka. Leta mkataba, stakabadhi, namba za simu, ujumbe mliotumiana, na majina ya mashahidi. Hakikisha maelezo yako yameandikwa na umepewa namba ya kumbukumbu ya kitabu cha kituo. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Tapeli akiwa amekimbilia ng'ambo, tunashirikiana na wenzetu wa upande wa pili, na kadiri unavyofika mapema ndivyo tunavyopata pa kuanzia.

Na hata kabla ya kununua, kama una shaka, njoo utuulize. Hatutakuambia ununue au usinunue. Tutakuambia maswali ya kuuliza na ofisi ya kwenda.

Ndugu zangu, yule mama wa mitumba hakuipata nyumba ile. Alirudi kupanga chumba, na alipanga hadi alipochukuliwa na mwanawe kwenda kuishi kijijini. Nilimsaidia kuandika malalamiko yake. Ndilo jambo pekee nililoweza kumfanyia. Kama ningeuliza maswali matatu jioni ile, angejenga uzee wake mahali pengine: Mke wa muuzaji yuko wapi? Majirani wako wapi? Kwa nini tunafanya hivi usiku?

Maswali hayo matatu nawaachia leo. Mtu akikualika kushuhudia mauzo ya nyumba, hata kama ni rafiki, hata kama chai iko mezani, yaulize kwa sauti mbele ya wote. Ukijibiwa vizuri, tia sahihi yako kwa moyo mweupe. Usipojibiwa, rudisha kalamu. Huenda umeokoa jasho la miaka ya mtu mmoja.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.

Kwa ajili ya Mungu na nchi yangu.